Sir Josiah Child: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukisoma historia ya Kampuni ya India Mashariki, ile ya Waingereza iliyokuwa na ukiritimba wa biashara na India, utakutana na jina la Child mapema, na mara nyingi kwa sentensi moja tu: aliongoza Kampuni, akaanzisha vita, akashindwa. Anastahili zaidi ya hapo. Si kwamba alikuwa mtu mwema, la hasha. Ila ni vigumu kumpata Mwingereza mwingine wa karne ya 17 ambaye maisha yake yanaonyesha waziwazi namna pesa ya biashara ilivyonunua siasa, na siasa nayo ikalinda biashara.

Josiah Child alikuwa nani hasa?

Mfanyabiashara wa London aliyezaliwa mwaka 1630 au mwanzoni mwa 1631, akafariki tarehe 22 Juni 1699. Kati ya hapo alikuwa meya wa Portsmouth, mbunge wa majimbo matatu kwa nyakati tofauti, mwandishi wa vitabu vya biashara, na kuanzia 1678 baroneti, yaani mwenye cheo cha heshima ambacho mtoto hukirithi. Kilele chake kilikuwa Kampuni ya India Mashariki. Aliiongoza kama gavana mwaka 1681 hadi 1683 na tena 1686 hadi 1688; miaka ya katikati ambayo hakuwa gavana alikuwa naibu gavana, na hilo halikupunguza neno lake hata kidogo.

India kwenyewe hakuwahi kukanyaga.

Alizaliwa katika familia tajiri?

Hapana, lakini hakuzaliwa maskini pia. Baba yake, Richard Child, alikuwa mfanyabiashara wa London, na Josiah alikuwa mtoto wa pili wa kiume. Katika Uingereza ya wakati ule nafasi hiyo ilikuwa na maana yake: mali ya familia ilielekea kwa mkubwa, na mdogo alipelekwa kujifunza kazi. Child alianza kama mwanagenzi wa biashara, na waliomchukia baadaye hawakuacha kulikumbusha jambo hilo.

Pesa ya kwanza ilitoka wapi?

Kwenye zabuni za serikali. Hili ndilo jambo la kuelewa kabla ya mengine yote.

Miaka ya 1650 Uingereza haikuwa na mfalme. Charles wa Kwanza alikuwa ameuawa mwaka 1649 na nchi ilikuwa mikononi mwa Bunge na Cromwell. Utawala huo ulikuwa na jeshi kubwa la majini, na jeshi la majini ni tumbo lisiloshiba. Meli moja ya kivita ilibeba mamia ya watu, na kila mmoja alipaswa kupata biskuti ngumu, nyama ya chumvi, mbaazi na bia. Bia haikuwa anasa. Maji yaliyokaa wiki kadhaa kwenye pipa yalioza, kwa hiyo mabaharia walipewa bia kila siku, kwa galoni. Atakayepata mkataba wa kuleta bia hiyo atakuwa na mnunuzi asiyehama.

Child alikwenda Portsmouth, bandari kuu ya jeshi hilo upande wa kusini, akawa wakala wa kulihudumia. Kufikia 1658 alikuwa meya wa mji huo huo. Hebu fikiria picha hiyo: muuzaji mkubwa wa jeshi ndiye pia mkuu wa mji ambao jeshi limetia nanga.

Mwaka 1660 ufalme ulirudi, na watu waliofanya kazi na Cromwell walianza kuhesabiwa. Child aliondolewa kwenye baraza la mji wa Portsmouth. Mwingine angekwishia hapo. Yeye alihamia upande wa London, akawa na kiwanda cha bia Southwark, ng'ambo ya mto Thames, na muda si mrefu alikuwa akiiuzia serikali ya mfalme bia ile ile aliyokuwa akiwauzia maadui wa mfalme. Aliuza pia mbao na milingoti. Vita na Waholanzi vilipozuka, 1665 na tena 1672, mahitaji yalipanda, na mwanzoni mwa miaka ya 1670 alikuwa miongoni mwa wakandarasi wakuu wa chakula cha jeshi la majini, pamoja na rafiki yake Thomas Papillon.

Serikali ililipa kwa kuchelewa, wakati mwingine kwa kuchelewa sana. Wakandarasi wenye mtaji mdogo walifilisika wakisubiri. Wenye mtaji mkubwa walipandisha bei ili kufidia muda wa kusubiri, na hapo ndipo faida ilipokuwa.

Alikuwa mbunge wa wapi?

Petersfield mwaka 1659, Dartmouth kuanzia 1673 hadi mwanzoni mwa 1679, na Ludlow 1685 hadi 1687. Usitafute mapenzi ya wananchi hapo. Majimbo mengi ya miji yalikuwa na wapiga kura wachache, na kiti kilipatikana kwa kujuana, kwa pesa, au kwa vyote viwili. Michango yake bungeni ilihusu zaidi biashara.

Aliingiaje kwenye Kampuni ya India Mashariki?

Kwa kununua hisa, mwanzoni mwa miaka ya 1670, na mwaka 1674 akachaguliwa kuwa mmoja wa wakurugenzi. Kampuni wakati huo ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70, kwani hati yake ya kwanza ilitolewa na Malkia Elizabeth tarehe 31 Desemba 1600.

Hapa pana kisa kinachochekesha ukikijua mwisho wake. Mwaka 1676 Mfalme Charles wa Pili alituma ujumbe kwa wanahisa kwamba hatapendezwa wakiwachagua Child na Papillon kwenye uongozi. Wote wawili walihesabiwa kuwa watu wa upinzani, wale walioanza kuitwa Whig miaka michache baadaye. Miaka miwili baada ya ujumbe huo, mfalme yule yule alimpa Child ubaroneti. Na miaka mitano baadaye Child ndiye aliyekuwa akimpelekea mfalme pesa.

Kampuni ilifanya biashara gani?

Vitambaa kwanza: bafta, melimeli na hariri kutoka Gujarat, pwani ya Coromandel na Bengali. Halafu pilipili manga, rangi ya nili, na shura ya Bengali ambayo bila hiyo hakuna baruti. Kutoka Uingereza zilikwenda hasa fedha za madini, kwa kuwa Wahindi hawakuwa na haja kubwa na sufu nzito ya Kiingereza. Jambo hilo liliwaudhi wengi London: dhahabu na fedha zinaondoka, vitambaa vinaingia, na wafumaji wa hapa wanakosa kazi. Child alitumia miaka mingi kujibu lawama hiyo, na mwaka 1681 alichapisha kijitabu cha kuitetea Kampuni kwa jina la bandia, Philopatris, yaani mpenda nchi yake. Jina la kujichagulia.

Ni kweli alimnunua mfalme?

Tuseme alimlipia kodi ya ulinzi. Mwaka 1681 Kampuni chini ya Child ilimpa Charles wa Pili zawadi ya gini 10,000 (gini ni sarafu ya dhahabu ya Kiingereza), na zawadi ya namna hiyo ikawa ya kila mwaka, akaendelea kuipokea James wa Pili aliyemfuata, mpaka alipong'olewa na mapinduzi ya 1688. Kwa mfalme aliyegombana na Bunge na hakutaka kuliomba pesa, hicho kilikuwa kitulizo kikubwa.

Kampuni ilipata nini? Tazama mfuatano. Mwaka 1683 ilipewa hati mpya yenye mamlaka ya kutangaza vita na kufanya amani na watawala wasio Wakristo, pamoja na mahakama zake za bahari. Wakati huo huo kesi dhidi ya Thomas Sandys ilikuwa inaendelea. Sandys alikuwa mfanyabiashara aliyetaka kupeleka meli India bila kibali cha Kampuni. Hoja yake ilikuwa nyepesi: Mwingereza yeyote ana haki ya kufanya biashara baharini, na mfalme peke yake hawezi kumwondolea haki hiyo. Mwaka 1685 Jaji Mkuu Jeffreys, ambaye mwaka huo huo angepata sifa mbaya kwa kuwanyonga waasi waliomfuata Duke wa Monmouth dhidi ya mfalme, aliamua kwamba mfalme anayo mamlaka ya kutoa ukiritimba wa biashara na nchi za makafiri. Kampuni ikashinda. Gini 10,000 kwa mwaka zilikuwa bei poa.

Papillon alipotelea wapi?

Hakupotea, alikataa kugeuka. Alitaka Kampuni ifunguliwe, hisa mpya ziuzwe, watu wengi zaidi waingie. Child alitaka ibaki ya wachache na isimame na ufalme. Mwaka 1682 mtaji uliongezwa maradufu kwenye vitabu, kutoka takriban pauni 370,000 hadi takriban 740,000, na ongezeko hilo likaenda kwa wenye hisa wale wale. Papillon na Whig wenzake wakauza hisa zao wakatoka. Urafiki wa zabuni za jeshi ulikufa hapo.

"Vita vya Child" vilikuwa vita gani?

Ni vita vya 1686 hadi 1690 kati ya Kampuni na Dola ya Mughal, iliyotawala sehemu kubwa ya India. Ndiyo, kampuni ya biashara dhidi ya moja ya dola kubwa kuliko zote duniani wakati ule.

Chanzo kilikuwa ugomvi wa ushuru na manyanyaso ya maofisa huko Bengali. Kampuni ilidai imesamehewa ushuru kwa hati za zamani. Gavana wa Bengali, Shaista Khan, hakukubali. Wafanyabiashara waliotangulia wangelipa, wakalalamika, wakaendelea na kazi. Child alikuwa na mtazamo mwingine. Aliwatazama Waholanzi, akaona ngome zao, makoloni yao na mapato yao ya kodi, akaamua kwamba Waingereza nao wasiishi kama wageni wa kupanga chumba. Barua ya Kampuni ya Desemba 1687 inaeleza lengo bila kificho: kujenga mamlaka ya kiraia na ya kijeshi, na mapato makubwa ya kuyaendesha, yawe msingi wa utawala imara wa Kiingereza India kwa nyakati zote zijazo. Wengine wanasema dola ya Waingereza India ilizaliwa kwa bahati tu, miaka 70 baadaye. Wangesoma barua hiyo kwanza.

Lakini nia na uwezo ni vitu viwili. London ilituma kikosi cha meli takriban 10 na askari mia kadhaa, wakiwa na maagizo ya kuteka hata bandari ya Chittagong. Mapigano yalianza Hooghly, mji wa biashara wa Bengali, mwezi Oktoba 1686. Katika miaka hiyo hiyo Aurangzeb, mfalme wa Mughal, alimeza falme mbili nzima, Bijapur mwaka 1686 na Golconda mwaka 1687. Mtu anayemeza falme hatishwi na meli kumi. Waingereza walifukuzwa Hooghly, wakazunguka kwenye matope ya delta wakifa kwa homa, na jaribio la Chittagong likaishia patupu.

Upande wa magharibi hali ilikuwa mbaya zaidi, na hapa wasomaji wa pwani yetu watapenda kusikiliza. Meli za Kampuni zilipoanza kukamata vyombo vya raia wa Mughal, Aurangzeb alimtumia Sidi Yaqub, amiri wa jeshi lake la majini. Masidi wa Janjira, ngome ya kisiwani kusini mwa Bombay, walikuwa Waafrika kwa asili, watu wa ukoo wa Uhabeshi na Pembe ya Afrika. Wazee wao walivushwa Bahari ya Hindi, wengi wakiwa watumwa na askari, wakapanda hadi kuwa mabaharia na watawala ambao hata Wamaratha walishindwa kuwang'oa kwenye ngome yao. Februari 1689 Sidi Yaqub alishuka Bombay na maelfu ya watu, akachukua sehemu kubwa ya kisiwa, akawafungia Waingereza ndani ya boma lao. Wakakaa humo zaidi ya mwaka mmoja.

Kampuni ikaomba radhi. Wajumbe wawili, George Weldon na Abraham Navarro, walikwenda kwa Aurangzeb na kuinama mbele yake mikono ikiwa imefungwa, kama wahalifu. Mwaka 1690 mfalme alisamehe kwa masharti: faini ya rupia 150,000, mali za watu zirudishwe, na gavana wa Bombay aondolewe. Sidi Yaqub aliondoka mwezi Juni mwaka huo, akaichoma ngome ya Mazagaon wakati wa kutoka. Agosti mwaka huo huo mtumishi wa Kampuni, Job Charnock, alirudi kimyakimya Bengali na kupiga kambi kwenye kijiji cha Sutanuti. Mahali hapo pakaja kuwa Calcutta.

Huyo gavana wa Bombay aliitwa Sir John Child. Alikuwa ndugu yake?

Vitabu vingi vya zamani vinasema hivyo. Hawakuwa ndugu, ni majina yaliyogongana. Ila walielewana vizuri, na John alitekeleza aliyoyataka Josiah. Alifariki Bombay Februari 1690, kabla hajaondolewa kama Aurangzeb alivyotaka.

Je, Child aliheshimu sheria za Uingereza huko India?

Nahodha Alexander Hamilton anasimulia kwamba John Vaux, aliyepewa uhakimu Bombay, alimwahidi Josiah Child kuhukumu kwa mujibu wa sheria. Child akamjibu kwamba anatarajia amri zake ndizo ziwe mwongozo, si sheria za Uingereza, ambazo ni lundo la upuuzi lililokusanywa na mabwana wachache wajinga wa shambani. Hamilton alikuwa mfanyabiashara wa kujitegemea na hakuipenda Kampuni, basi chukua kisa hicho kwa tahadhari. Mimi naona kinafanana sana na mtu tunayemwona kwenye barua zake.

Haki itendeke: Child huyo huyo ndiye aliyesukuma mji wa Madras upewe hati ya kuwa na meya na baraza, mwaka 1687, na katika baraza hilo viti vilitolewa kwa Wahindi na Wareno pamoja na Waingereza. Sababu yake haikuwa upendo. Aliamini watu wanalipa kodi kwa urahisi zaidi wakitozwa na wenzao.

Na ubahili wake ulimtokea puani mapema. Alipobana mishahara na gharama za ulinzi Bombay, askari waliasi Desemba 1683 chini ya Kapteni Richard Keigwin, wakakitawala kisiwa kwa jina la mfalme karibu mwaka mzima. Waliirudisha Bombay baada ya kuahidiwa msamaha.

Ana uhusiano wowote na Afrika?

Upo, na si wa kupendeza. Alikuwa mwanahisa wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika, iliyopata hati yake mwaka 1672 na kusafirisha maelfu kwa maelfu ya Waafrika wa magharibi kwenda visiwa vya Karibi. Katika maandishi yake anapiga hesabu kwamba Mwingereza mmoja kule Barbados au Jamaica, pamoja na watu weusi wanaomfanyia kazi, kwa wanachokula, wanachovaa na wanachotumia, anawapatia ajira watu wanne nyumbani Uingereza. Anaandika hivyo kwa utulivu kabisa. Waliofungwa minyororo wameingia kwenye hesabu kama walaji wa bidhaa za Kiingereza, basi.

Upande wetu wa bara, meli za Kampuni ziendazo India zilikuwa na desturi ya kutia nanga Nzwani katika Komoro kuchukua maji, matunda na ng'ombe. Kisiwa cha St Helena, kituo cha Kampuni kwenye Atlantiki, kilifanyiwa kazi na watumwa ambao baadhi yao walitolewa Madagaska. Na ilikuwa Nzwani ambako haramia Henry Every aliacha barua kwa manahodha wa Kiingereza mwaka 1695, miezi michache kabla ya kuipora Ganj-i-Sawai, meli kubwa ya Aurangzeb iliyokuwa ikirudisha mahujaji kutoka Makka. Watumishi wa Kampuni huko Surat, bandari ya Mughal, ndio waliofungiwa kwa kosa hilo. Bahari ilikuwa ni ile ile ambayo Waomani waliivuka mwaka 1696 kuizingira Ngome ya Yesu Mombasa. Child alikuwa bado hai.

Inasemekana alikuwa pia mwanauchumi. Aliandika nini?

Mwaka 1668 alichapisha kijitabu kuhusu biashara na riba, akakipanua baadaye, na mwaka 1693 kikatoka kwa jina linalojulikana zaidi, A New Discourse of Trade. Swali lake ni kwa nini Waholanzi, watu wachache katika nchi ya maji, wanatajirika kuliko Waingereza. Anaorodhesha sababu 15: wafanyabiashara wamo kwenye mabaraza yao, bidhaa zao zina ubora unaoaminika, watoto wao, wa kike kwa wa kiume, wanafundishwa hesabu, dini zote zinavumiliwa, na kadhalika. Orodha nzuri, ninaipenda. Lakini anaposema sababu ya yote ni riba ndogo, hapo anateleza. Alitaka sheria ishushe riba kutoka asilimia 6 hadi 4.

Mwaka ule ule wa 1668 mtu mmoja alijibu kwa kijitabu kwamba riba ndogo ni matokeo ya utajiri, si chanzo chake. Mwanafalsafa John Locke naye aliandika kupinga, akasema bei ya pesa haitii amri ya Bunge, na watakaoumia ni wajane na yatima wanaoishi kwa riba ya akiba yao. Wasomaji wa wakati ule hawakuhitaji kuambiwa kwamba mfanyabiashara anayefanya kazi kwa mikopo ndiye anayefurahia mkopo wa bei rahisi.

Jambo jingine: watu hushangaa kwamba aliyesifu biashara huria kurasa nyingi ndiye aliyelinda ukiritimba mkali kuliko wote. Kwake hapakuwa na mgongano. Makampuni mengine yafunguliwe. India ni mbali, inahitaji ngome na mabalozi, kwa hiyo India iachwe kwake.

Kashfa ya rushwa ya 1695 ilihusu nini?

Mapinduzi ya 1688 yalimng'oa James wa Pili, na pamoja naye ule ulinzi uliolipiwa kwa gini. Whig waliorudi madarakani walikuwa na kumbukumbu nzuri. Ukiritimba wa Kampuni ukawa mashakani, hati yake ikahitaji kuokolewa upya, na Kampuni ikafanya kile ilichokijua. Penye udhia penyeza rupia. Hati mpya ilipatikana Oktoba 1693. Muda mfupi baadaye Kampuni ilisababisha meli moja, Redbridge, izuiwe mtoni Thames kwa kushukiwa inakwenda India, na Bunge likawaka: Januari 1694 liliazimia kwamba raia wote wana haki sawa ya kufanya biashara India, isipokuwa sheria ya Bunge ikataze.

Mwaka 1695 vitabu vya hesabu vilikaguliwa. Mwaka 1693 peke yake zaidi ya pauni 80,000 zilikuwa zimetumika kwa "huduma maalumu". Gavana wa wakati huo, Sir Thomas Cooke, mtu wa karibu wa Child, alipelekwa kwenye gereza la Tower. Duke wa Leeds, mmoja wa mawaziri wakubwa, alishtakiwa bungeni kuhusu gini 5,000, ingawa kesi ilikufa kwa kukosa shahidi aliyekuwa ametoroka. Child? Alikuwa hayumo tena kwenye uongozi rasmi. Alihojiwa, akajibu kidogo, akarudi nyumbani.

Maisha yake ya nyumbani yalikuwaje?

Alioa mara tatu: Hannah Boate mwaka 1654, Mary Stone mwaka 1663, na Emma Willughby mwaka 1676. Ndoa ya tatu ndiyo yenye habari. Emma alikuwa mjane wa Francis Willughby, mtaalamu wa ndege na samaki aliyefariki 1672, na alikuja na watoto watatu. Watoto hao hawakupatana na baba wa kambo, na sehemu ya ugomvi ilikuwa mali ya marehemu baba yao. Mwaka 1687 kijana mkubwa, Francis, alihamia kwenye nyumba ya ukoo huko Wollaton, na dada yake Cassandra, ambaye hakuwa amefika miaka 20, akamfuata kumtunzia nyumba. Cassandra baadaye aliandika historia ya familia yake, na Child hatoki vizuri humo.

Utajiri wake ulikuwa kiasi gani?

John Evelyn, mwandishi wa shajara, alipita Wanstead, kwenye shamba la Child, Machi 1683 na kuandika kwamba Child, aliyeanza kama mwanagenzi, inasemekana amefikia pauni 200,000, na kwamba amemwoza binti yake kwa mtoto wa Duke wa Beaufort kwa mahari ya pauni 50,000. Kwa desturi ya Kiingereza mahari hutoka upande wa bibi harusi, na kiasi hicho kilikuwa cha kutikisa mji. Binti huyo, Rebecca, alizaa Duke wa pili wa Beaufort. Vizazi viwili kutoka uanagenzi hadi udyuki!

Hisa zake katika Kampuni zilifikia zaidi ya pauni 50,000 mwanzoni mwa miaka ya 1690. Shamba la Wanstead, kaskazini mashariki mwa London, alilinunua mwaka 1673, akachimba mabwawa ya samaki na kupanda miti ya jozi kwa gharama ambazo Evelyn aliziita za ajabu, kwenye ardhi aliyoiona kame. Ndivyo wafanyavyo, akasema, hawa waliopata pesa ghafla. Kijicho kilikuwepo, bila shaka. Miti ilikuwepo pia.

Ndiye mwenye benki ya Child?

Hapana. Yule ni Sir Francis Child, mfua dhahabu aliyekuwa meya wa London 1698 hadi 1699. Hawana uhusiano wa kibiashara wala wa nyumba.

Kampuni iliishaje baada yake?

Haikuisha. Mwaka 1698 Bunge liliunda kampuni mpya shindani iliyoikopesha serikali pauni milioni 2 kwa riba ya asilimia 8. Kampuni ya zamani ilinunua hisa za pauni 315,000 ndani ya mshindani wake, mbinu ambayo ingempendeza Child kama hakuibuni yeye, na baada ya miaka ya kugombana zikaungana kuwa moja mwaka 1709. Ile barua ya 1687 ikaanza kutimia kwenye vita vya Plassey huko Bengali, Kampuni ilipomshinda mtawala wa jimbo hilo, mwaka 1757.

Nikienda London, nitaona nini cha kumkumbusha?

Jumba usilitafute. Nyumba yake ilibomolewa na mwanawe Richard, aliyekuja kuwa Earl Tylney, ili kujenga kasri kubwa lililochorwa na Colen Campbell. Na kasri hilo nalo liliuzwa vipandevipande kati ya 1822 na 1825, baada ya mume wa mrithi, William Wellesley-Pole, kuzama kwenye madeni. Mnada wa vyombo peke yake ulichukua siku 32.

Kilichobaki ni mabwawa na miti ndani ya Wanstead Park, bustani ya umma tangu 1882, na sanamu ya kaburi katika kanisa la St Mary lililo karibu. Child amesimama pale amevaa kama Mrumi wa kale, huku kichwani ana wigi la karne ya 17. Kanisa halifunguliwi kila siku, kwa hiyo ulizia kwanza. Bustani haina kiingilio, na kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Wanstead kiko umbali wa kutembea kwa miguu.